Kisiwani alikotoswa mwenye uzi

Wiki hii sina utani sana. Jumapili usiku nilikaa kibarazani na shoga yangu mmoja, analia kama kafiwa. Miaka mitatu kamlipia bwana ada ya chuo kwa hela ya vitumbua. Bwana kapata kazi, kahamisha vitu asubuhi mwenzie yuko sokoni. Hata kikaratasi hakuacha!

Nikamwambia, shoga, hayo hayakuanza kwako. Nikampa kisa cha Wagiriki wa kale na kisiwa chao cha Naxos.

Theseus wanamsifia kuwa shujaa wa Athens. Ndiye aliyemuua Minotaur, dude lenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, lililofungiwa na mfalme Minos wa Krete kwenye jumba la vichochoro visivyoeleweka. Kuingia kila mtu angeweza, shughuli ilikuwa kutoka. Na aliyemtoa kidume ni Ariadne, binti wa Minos mwenyewe, aliyempa donge la uzi: funga ncha mlangoni, uachie ukiingia, ufuate ukirudi. Bila uzi ule hakuna shujaa hapo. Binti kamgeuka baba yake kwa ajili ya penzi, kapanda merikebu, kaondoka na mpenzi.

Njiani wakatia nanga Naxos. Binti akapitiwa na usingizi. Kuamka, merikebu ndo hiyo inaishilizia baharini. Katoswa!

Watetezi wa Theseus hawakukosekana. Wengine wakasema miungu ilimwamuru, wengine eti alisahau, wengine kulikuwa na kimwana mwingine. Mimi nasema visingizio vikizidi, ujue hakuna hata kimoja cha kweli.

Na huyo msahaulifu hakuishia hapo. Alimwahidi baba yake, mzee Aegeus, kwamba akirudi salama atapandisha tanga jeupe. Akasahau, likabaki jeusi. Mzee akajua mwana kafa, akajitupa baharini, na ndiyo maana bahari ile inaitwa Aegean. Theseus mwenyewe mwisho wake ukawa kisiwani vilevile, ila kingine, Skyros, ambako inasimuliwa mfalme Lycomedes alimsukuma kutoka juu ya jabali.

Ariadne je? Nikamwambia shoga yangu, tulia, palepale Naxos akatokea Dionysus, mungu wa mvinyo, akamuoa, na taji lake likawekwa angani likawa nyota. Mchoraji Titian aliichora siku walipokutana, kati ya 1520 na 1523, na picha iko National Gallery, London. Basi na wewe atakuja wako!

Shoga akanikata kauli. "Dionysus wa nini? Mimi nataka kulia kwanza."

Nikanywea. Maana kuna kipande nilikiruka. Plutarch, aliyeandika habari za Theseus, anasema watu wa Naxos walishikilia kwamba akina Ariadne walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa na sikukuu yake. Ya mmoja ilikuwa ya furaha na michezo, ya mwingine ya huzuni na maombolezo. Mnaona? Watu wa kisiwa hawakumwambia aliyetoswa "yaache, utapata mwingine". Walimtengea siku yake, wakaomboleza naye.

Sisi mashoga ndo tunakosea hapo. Mtu hata machozi hayajakauka, tushamtafutia bwana mpya! Basi nikafunga mdomo, nikachemsha chai, tukakaa hadi saa sita usiku. Jumatatu alfajiri alikuwa jikoni anachoma vitumbua, macho yamevimba, lakini safari hii hela ni yake.

Na wewe kaka uliyefika ulipofika, hebu kumbuka ni nani aliyekushikisha uzi. Usimwache amelala.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.