GPS inaongozwa na wanajeshi wa Colorado, lakini Kivu inavurugwa hapa hapa

Motari wa Bukavu anayefuata ramani kwenye simu, rubani anayetafuta uwanja katikati ya mawingu, shirika la misaada linalofuatilia lori zake za chakula: wote wanategemea kikosi kimoja cha jeshi la Marekani. Ni Kikosi cha Pili cha Operesheni za Anga za Juu, chenye makao katika kambi ya Schriever, jimbo la Colorado. Usiku na mchana, wanajeshi wake wanaongoza satelite za GPS. Historia yake inatuhusu, kwa sababu katika vita vya Kivu Kaskazini GPS nayo imegeuzwa kuwa uwanja wa mapigano.

Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 1985, enzi za vita baridi. Satelite ya kwanza ya GPS ilikuwa imerushwa Februari 1978, na lengo lilikuwa la kijeshi: ndege, meli na askari wajue mahali walipo popote duniani. Raia waliingia kwa njia ya msiba. Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Muungano wa Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Serikali ya Rais Ronald Reagan ikatangaza kwamba mfumo huo ukikamilika, ndege za kiraia zitautumia pia, bila malipo.

Bila malipo, ndiyo, lakini si kwa usawa. Kwa miaka mingi jeshi lilitia kosa la makusudi katika mawimbi ya raia, hata kipokezi kikaweza kukosea kwa mita 100. Ni Mei 2000 tu ambapo Rais Bill Clinton aliamuru kosa hilo liondolewe. Bila uamuzi huo, motari wetu angepelekwa mtaa mwingine kabisa.

Hapo ndipo wengi wanaogopa: je, Wamarekani hawawezi kutuzimia GPS siku wakikasirika? Hofu hiyo inaeleweka, ila kwa maoni yangu inaangalia upande usio sahihi.

Satelite hizo zinazunguka kwenye urefu wa kilometa 20 200 hivi, kila moja ikibeba saa za atomiki. Vituo vya ardhini, vikiwemo vya kisiwa cha Ascension na Diego Garcia, vinazisikiliza. Schriever inapiga hesabu na kuzitumia marekebisho. Kosa dogo huko linasikika mbali. Januari 2016, satelite moja ya zamani ilipokuwa inastaafishwa, taarifa mbaya ya saa iliingia kwenye satelite nyingine. Tofauti ilikuwa sehemu 13,7 za milioni ya sekunde. Ramani hazikuvurugika, lakini mitambo ya mawasiliano inayochukua saa kutoka GPS ilipata matatizo katika nchi mbalimbali.

Huo ulikuwa uzembe wa Colorado. Shida ya Kivu ni nyingine. Mawimbi yakisafiri umbali wote ule, yanafika chini yakiwa dhaifu sana. Mtambo mdogo juu ya kilima unatosha kuyafunika, ndege isisikie chochote. Mbinu ya pili ni mbaya zaidi: kutuma mawimbi ya uongo, rubani aamini kwamba yuko mahali ambapo hayupo.

Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamikia hadharani usumbufu wa aina zote mbili Kivu Kaskazini, na wataalamu wake waliuhusisha na jeshi la Rwanda na M23. Kigali imekuwa ikikana kuwaunga mkono waasi hao. Kwa MONUSCO si jambo dogo: ndiyo iliyorusha ndege zisizo na rubani za kwanza za Umoja wa Mataifa, kutoka Goma, Desemba 2013. Ndege za misaada nazo zinapita anga hiyo hiyo.

Schriever haiwezi kuzima mtambo uliofichwa katika vilima vya Masisi. Jeshi la Marekani lina mawimbi yake yenye ulinzi, ila hayo hayagawiwi kwa ndege ya chakula. Mifumo mingine, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, inasaidia kidogo. Inatumia masafa ya karibu, kwa hiyo mtambo mmoja unaweza kuifunika yote pamoja.

Kinachobaki ni vifaa vya zamani: vituo vya redio vya ardhini vinavyomwelekeza rubani bila satelite yoyote. Nchi nyingi zimeanza kuvipunguza kwa sababu ya gharama. Kwetu, kuvipunguza ni kucheza na maisha ya watu. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 M23 ilipouchukua mji. Siku safari za kawaida zitakaporudi, swali la kwanza kwa RVA liwe hili: vifaa hivyo vinafanya kazi?