Kikombe cha Bati na Majina Yake

Mjini Juba Kiarabu husikika sokoni na majumbani. Katika Kiarabu cha Sudan, kikombe cha bati cha kuchotea maji mtungini huitwa "kooz". Neno hilo lilipofika pwani ya Waswahili likawa "kuzi", chombo cha udongo cha kuwekea maji. Misri nako hindi zima huitwa hivyo. Nchini Sudan, "kizan", yaani vikombe, ni jina la dhihaka la wafuasi wa Udugu wa Kiislamu. Waandamanaji walilipaza mwaka 2019, Rais Omar al-Bashir alipoangushwa. Basi askari alisikiapo neno hilo kizuizini, asikimbilie kumshuku msemaji. Huenda ndugu huyo ana kiu tu.