Mwajiri Hatafuti Mkimbizi, Anatafuta Fundi

Leo naomba tuongee juu ya LinkedIn, maana wengi wetu tulifungua akaunti siku ya mafunzo, tukapiga picha na cheti mkononi, halafu basi. Akaunti ipo, lakini imelala.

Nianze na kisa. Rafiki yangu hapa Nakivale amefanya ukalimani miaka minne. Anaongea Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Amekaa na wagonjwa mbele ya daktari, amekaa na akina mama kwenye mahojiano ya machozi, na wote waliondoka wamesikilizwa. Siku moja shirika fulani likahitaji mkalimani wa Kibembe. Likatafuta, likakosa, likaleta mtu kutoka mjini. Baadaye mfanyakazi mmoja wa pale akamwambia: "Kaka, tulitafuta mpaka mtandaoni, hatukuona mtu."

Rafiki yangu akatoa simu amwonyeshe profaili yake. Chini ya jina ameandika kwa Kiingereza kwamba yeye ni mkimbizi, kijana kiongozi, mwenye moyo wa kuleta mabadiliko. Neno mkalimani halipo. Kibembe hakipo. Mahali anapoishi bado pameandikwa Uvira, kwa sababu akaunti aliifungua akiwa bado kule. Kwa hiyo mtu akitafuta mkalimani aliye Uganda, yeye hatokei. Kumbe alikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu.

Hapo ndipo maoni yangu yanapoanzia. Sisi tunajiandika kwa maneno ya watu wanaotusaidia, wakati tunataka kuonwa na watu wa kutuajiri. Hao ni watu wawili tofauti, na kila mmoja anatafuta kwa maneno yake.

Fikiria. Tangu tulipovuka mpaka, kila fomu imetuuliza hali yetu: umetoka wapi, umekimbia nini, kwenu mko wangapi, shida yako ni ipi. Tumejibu mara nyingi mpaka tumeamini kwamba hilo ndilo jibu la swali "wewe ni nani". Halafu LinkedIn ikatuuliza swali lake, tukajibu vilevile. Lakini mwenye karakana anayetaka mtu wa kuchomelea vyuma haandiki "kijana mwenye ndoto". Anaandika jina la kazi, na pengine jina la mji. Mashine nayo haijui moyo wako, inalinganisha maneno tu. Neno lisipokuwepo, wewe haupo.

Sisemi tuone aibu ya kuwa wakimbizi. Ukitaka kuandika historia yako, sehemu ya maelezo iko chini, na ina nafasi ya kutosha. Ninachosema ni kwamba ukimbizi ni hali, haujawahi kuwa fani. Mstari ule wa juu upewe fani. Una herufi 220, zinatosha kabisa: "Mkalimani wa Kiswahili, Kibembe, Kinyarwanda na Kiingereza, afya na ulinzi wa watoto, Nakivale, Uganda." Uuandike kwa lugha ya anayekutafuta. Huku Uganda ni Kiingereza. Ukilenga mashirika ya Kongo au Burundi, LinkedIn inakuruhusu kuongeza profaili ya pili kwa Kifaransa, usichanganye zote mstari mmoja.

Kuna mambo mengine manne ambayo nimeyaona kwetu sana.

La kwanza ni mahali. Badilisha, weka ulipo sasa. Waajiri wengi huchuja kwa nchi au mji kabla hata ya kusoma jina lako. Na kama mwajiri ana wasiwasi kuhusu hali yako, mwambie kwa upole kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Wengi hawaijui.

La pili ni jina. Sisi Wakongomani tuna majina matatu. Diploma ina mpangilio mmoja, kadi ya ukimbizi ina mwingine kwa sababu aliyeandika alisikia alivyosikia, na Facebook tuna jina la utani. Mtu akipewa jina lako na kukutafuta, anapotea. Chagua lile lililo kwenye kitambulisho unachotumia kuombea kazi, ulitumie kila mahali. Na ile anwani ya profaili yenye tarakimu nyingi mwishoni, unaweza kuibadilisha ikawa jina lako tu. Ni bure, na unaweza kuiandika kwenye barua ya kazi bila kuona haya.

La tatu ni kazi za kujitolea. Jamani, tunaziacha nje! Mtu amefundisha watoto miaka mitatu, amehesabu magunia siku za mgao, amerekebisha simu za mtaa mzima, halafu sehemu ya uzoefu iko tupu kwa sababu "haikuwa kazi, ilikuwa kujitolea". Kama uliamka asubuhi, ukafanya, na watu wakakutegemea, iandike. Andika ulifanya nini, wapi, tangu lini. Ila usidanganye cheo. Na wewe mkalimani, usiandike kamwe habari za mtu uliyemtafsiria, hata bila jina lake. Hapa kambini tunajuana.

La nne ni watu. Ukitafutwa, ukaribu nao unahesabika: mtu aliyeunganishwa na wewe, au na rafiki yako, anakuona kwa urahisi kuliko mgeni kabisa. Basi usikae na watu watano. Ungana na mwalimu wako, na msimamizi wako wa zamani, na mliosoma pamoja hata kama sasa wako Kampala au Australia.

Sasa kuna jambo zito, na nisingependa mtu aseme nimelisahau. Wako kati yetu waliokimbia mtu, siyo vita tu. Kwao kupatikana kirahisi ni hatari, na hakuna kazi inayolipia hatari hiyo. Dada au kaka, kama ndivyo ilivyo kwako, usisukumwe na mkufunzi yeyote kuweka picha na jina kamili. Ndani ya mipangilio unaweza kuficha picha kwa watu usiowajua, kufanya jina la ukoo lionekane kwa herufi moja tu, na kuzuia profaili isitokee kwenye Google. Unaweza kuandika nchi tu bila kutaja kambi. Hata ile alama ya kutafuta kazi unaweza kuiweka waione waajiri peke yao, bila duara la kijani kwenye picha. Na ukiamua kutokuwa na akaunti kabisa, hiyo pia ni akili, siyo uvivu. Anayejua hatari yako ni wewe.

Nageuka kwenu, kaka na dada zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika. Mnatuletea mafunzo, asanteni, tunajua hata chumba na umeme vinagharimu. Lakini mkimaliza mafunzo na vijana 30 wote wana mstari mmoja unaofanana, mmefundisha kunakili. Msituulize tena ndoto zetu siku ya kuandika profaili. Tuulizeni: wiki iliyopita ulifanya nini kwa mikono yako?

Na liko ambalo ni ninyi tu mnaweza kulifanya. Kijana akijitolea kwenu, mpeni jina la kazi lililo halisi. "Msaidizi wa jamii" haitafutwi na mtu. Kama anatafsiri, ni mkalimani. Kama anatunza orodha za stoo, ni karani wa stoo. Akimaliza, mpeni barua yenye tarehe, na mwandikieni mistari mitatu ya kumpendekeza kwenye profaili yake. Haichukui hata robo saa, wala haihitaji bajeti ya mfadhili. Mfanyakazi wa shirika anahamishwa kila mara, na akiondoka anaondoka na ushahidi wote wa kazi yetu. Tunabaki kuanza upya kwa bosi mpya, kama watu waliofika jana.

Najua atakayenijibu: "Kazi zenyewe ziko wapi?" Ni kweli, profaili nzuri haizai kazi pasipo na kazi. Sitaki kumdanganya mtu atumie mega zake za mwisho kwa matumaini ya bure. Ila kukosa kazi kwa sababu haipo ni jambo moja, na kukosa iliyopo kwa sababu hukuonekana ni jambo lingine. Hilo la pili linauma zaidi, kwa sababu liko mikononi mwetu.

Rafiki yangu alibadilisha mstari wake jioni ile ile, tukiwa tumekaa nje kwao, simu moja, watu watatu. Kazi ya mkataba hajapata bado. Lakini mwezi uliopita watu wawili wasiomjua wamemwandikia kuuliza kama anatafsiri Kibembe, na mmoja amemlipa kwa kurasa sita. Siyo mali nyingi. Alinunua unga, akalipa deni dukani.

Basi usiku huu, kabla MB hazijaisha, fungua ile akaunti iliyolala. Futa neno moja la shida, weka neno moja la kazi. Kisha mtumie mwenzako akusomee, aseme kama amekutambua.