Projekta iliniumbua sendofu

Asikwambie mtu, kuazima projekta ni rahisi, kuipanga ndiyo ngoma. Juzi kwenye sendofu ya sista nilijitia fundi. Picha za marehemu mzee zilikuwa zionyeshwe kwenye shuka jeupe, bimkubwa kakaa mbele kabisa anangoja.

Mashine nikaiweka pembeni, juu ya kreti la soda, maana ndipo waya wa umeme ulipofika. Loh! Mzee akatoka kapinda, shavu moja limevimba kama andazi. Watoto kicheko. Mama kimya.

Kumbe lenzi inatakiwa ilitazame shuka uso kwa uso. Kitufe cha kunyoosha picha kipo, lakini kinapunguza ukali wake, kwa hiyo hamisha mashine kwanza. Umbali nao una hesabu: ile yangu, picha ya upana wa meta 2 ilitaka irudi nyuma meta 3.

Dogo mmoja akaleta ekstensheni, tukahamia katikati, meza juu ya meza ili vichwa visizibe, shuka tukalivuta likakaza, taa za mbele zikazimwa. Mzee akanyooka.

"Hebu irudishe ile ya kwanza," mama akasema, "sikumwona vizuri."