Gego linalocheza si la kupuuza: Ugonjwa wa seli zinazokataa kufa

Songea. Mara nyingi huanza na jino. Mtoto wa miaka mitano anamwambia mama yake kuwa gego linacheza. Mama anatazama, anaona fizi imevimba kidogo, anasema ni meno ya utoto hayo, yatatoka yenyewe. Baada ya wiki moja shavu limejaa. Bibi anashauri asukutue kwa maji ya chumvi. Wiki ya tatu jino linang'olewa, lakini uvimbe haupungui. Unazidi.

Mzazi anapaswa kujua jambo moja hapa. Meno ya utoto yanayotangulia kung'oka ni ya mbele, mtoto akiwa na miaka sita hivi. Magego ya utoto hubaki hadi miaka tisa au zaidi. Kwa hiyo gego linalolegea kwa mtoto wa miaka mitano, tena likiwa na uvimbe wa taya, lina sababu nyingine. Inaweza kuwa jino lililooza na kutunga usaha. Inaweza pia kuwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazojulikana zaidi kwa watoto wa Afrika Mashariki. Habari njema ni kwamba inatibika, mtoto akiwahi.

Kufa ni kazi ya seli

Ili kuielewa saratani hii, inabidi kwanza kujua kwamba katika mwili wenye afya, seli hufa kwa mpango. Mtoto akiwa tumboni, viganja vyake mwanzoni hufanana na mguu wa bata, vidole vikiwa vimeunganishwa na ngozi. Kabla mimba haijatimiza miezi mitatu, seli zilizo katikati ya vidole hufa na vidole huachana. Mkia wa kiluwiluwi huisha kwa njia hiyo hiyo anapogeuka kuwa chura.

Kifo hicho si kama cha jeraha la moto, ambapo seli hupasuka na mahali pakavimba. Seli iliyopokea amri ya kufa hunywea, hujikatakata vipande vidogo, na seli za jirani huvimeza bila usaha wala maumivu. Mwaka 1972 John Kerr wa Australia pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie wa Scotland waliuita mpango huu apoptosisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kupukutika, kama majani ya mti.

Mpango huo ukiharibika, mwili huugua. Seli za kinga zikifa kupita kiasi, kama inavyotokea kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, kinga hushuka. Seli zilizoharibika zikikataa kufa, hujazana na kuwa saratani.

Iligunduliwa jirani

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alioneshwa mtoto wa kiume mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe wa aina hiyo, na tumbo lake nalo lilikuwa limevimba. Alianza kuunganisha matukio hayo, na mwaka 1958 aliandika taarifa yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewahi kuona watoto wa namna hiyo. Walibaini kwamba ugonjwa huu upo zaidi sehemu za joto na mvua, na ni nadra milimani kwenye baridi. Kwa maneno mengine, uko kule kule kwenye malaria nyingi.

Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizotumwa kutoka Kampala. Leo kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Kwa nini seli hukataa kufa

Kirusi hiki husambaa kwa mate, na karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki hukipata akiwa mdogo bila kuugua. Hujificha ndani ya seli za kinga na kuzisaidia zisife. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huzifanya seli hizo hizo zizaliane bila kupumzika na huchosha ulinzi unaokidhibiti kirusi.

Katika kuzaliana huko, mara chache sana, kromosomu mbili hukatika na kuungwa vibaya. Jeni inayoitwa MYC, ambayo kazi yake ni kuamrisha seli igawanyike, hujikuta mahali ambapo haizimwi tena. Seli yenye kosa la aina hiyo kwa kawaida ingejiua yenyewe. Lakini hii imelindwa na kirusi, na mara nyingi jeni zake za kuamrisha kifo nazo zimeharibika. Hivyo inaendelea kuishi na kugawanyika. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja hadi mbili, na ndiyo maana wiki tatu za kusukutua kwa chumvi ni nyingi mno.

Hii haina maana kwamba kila mtoto anayeugua malaria atapata saratani. Wengi mno hawapati. Wala mzazi hana kosa, na hakuna aliyemroga mtoto.

Uvimbe unapoyeyuka, tiba haijaisha

Dawa za saratani zinazotolewa kwa dripu huharibu seli zinazogawanyika kwa kasi kiasi kwamba ile amri ya kufa iliyokuwa imezimwa inaamka. Kwa kuwa seli za Burkitt hugawanyika haraka kuliko karibu zote, ndizo zinazofa kwa wingi. Uvimbe mkubwa kama chungwa unaweza kunywea ndani ya siku chache.

Siku hizo ni za hatari. Seli nyingi zikifa kwa mkupuo, takataka zake zinaweza kuziba figo. Ndiyo maana mtoto huwekewa maji mengi na kupimwa damu na mkojo mara kwa mara. Dawa hii haifai kutolewa kienyeji.

Hapa ndipo baadhi ya familia huteleza. Shavu limerudi, mtoto anacheza, nauli imekwisha, shamba la mahindi linasubiri. Wanarudi nyumbani baada ya dozi ya kwanza. Lakini seli chache zilizobaki hazionekani kwa macho. Zinaanza upya, na zikirudi huwa sugu zaidi. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya wanane kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu idadi ni ndogo kuliko hiyo, na kuchelewa pamoja na kuacha tiba njiani ni miongoni mwa sababu kubwa.

Afanye nini mzazi wa Ruvuma

Mpeleke mtoto hospitali bila kusubiri ukiona mojawapo ya haya, hasa akiwa na umri wa miaka mitatu hadi kumi:

- Taya au shavu linalovimba, hata kama haliumi.
- Magego yanayolegea kabla ya wakati.
- Jicho linalotokeza nje.
- Tumbo linalovimba haraka.
- Miguu inayoishiwa nguvu ghafla, au kushindwa kukojoa.

Akiwa ameng'olewa jino na uvimbe haujapungua ndani ya wiki moja, rudi na uulize kama anahitaji kipimo cha kipande cha nyama kutoka kwenye uvimbe. Zahanati inaweza kuandika rufaa kwenda hospitali kubwa, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea au Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, Peramiho. Matibabu yenyewe yanaweza kuhitaji safari ya mbali hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kuna wodi ya watoto wenye saratani. Shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na hospitali hiyo ili watoto watibiwe bila kulipia.

Kabla ya kukata tamaa kwa sababu ya nauli, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kabla ya kusafiri, kaeni kama familia mpange nani atabaki na wadogo zake na nani atapalilia shamba, kwa sababu tiba huchukua miezi, si siku. Na usiku wa leo, hakikisha watoto wote wamelala ndani ya chandarua chenye dawa.