Afya ya Nyumbani: Mgongo wa Mzee Ukivunjika

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya mgongo wa wazee wetu. Hapa Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, si ajabu kusikia kwamba bibi fulani aliinama kuinua ndoo ya maji au kutwaa mzigo wa kuni, mara akashikwa na maumivu makali mgongoni, na tangu siku ile hasimami sawasawa. Jamaa husema, “Ni uzee tu.” Wengine hunong’ona kwamba amerogwa. Nasi twasema: yafaa kwanza kuuliza kama mfupa haukuvunjika.

Maana mfupa ni kitu kilicho hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo ya mfupa na kujenga nyingine mahali pake. Katika ujana kujenga huzidi. Katika uzee kubomoa huzidi, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Bandu bandu huisha gogo. Waganga wa hospitali huuita ugonjwa huu osteoporosisi, yaani mifupa kuwa myepesi na kukosa nguvu. Hauumi wala hauonekani, hata siku mfupa uvunjikapo. Uti wa mgongo umepangwa kwa pingili, mithili ya mua. Pingili iliyodhoofika hubonyea upande wa mbele kama debe lililokanyagwa. Si lazima mtu aanguke; kuinama, kuinua mzigo, hata kukohoa kwaweza kutosha. Zikibonyea pingili mbili tatu, mzee hupungua kimo na mgongo hupinda. Hiyo ndiyo asili ya vibiongo vingi vya uzeeni, wala si dalili ya uchawi. Twalisema neno hili wazi, kwa kuwa katika mikoa yetu ya magharibi wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa tu.

Je, mgonjwa huyu apasuliwe? Walio wengi hawahitaji kisu. Madaktari walibuni njia ya kutia saruji maalum ndani ya pingili kwa sindano. Mwaka 2009 yalitangazwa majaribio mawili, yaliyowalinganisha wagonjwa waliotiwa saruji ile na wengine waliofanyiwa kila jambo isipokuwa kutiwa saruji yenyewe. Maumivu ya makundi yote mawili yalipungua karibu sawasawa. Basi mzee wa kijijini asihuzunike kana kwamba amenyimwa dawa kuu. Iliyo kuu ni uangalizi mwema, nao ni huu:

Kwanza, apumzike, lakini asifanywe mfungwa wa kitanda. Siku chache za mwanzo zatosha. Mzee akilala majuma mengi misuli hunyong’onyea, mifupa huzidi kupungua, vidonda vya kulala humtoka, damu huweza kuganda miguuni, na kichomi humjia. Akiamka, ageuke kwanza ubavu, magoti yamekunjwa, kisha ateremshe miguu huku akijiinua kwa mikono. Kwa desturi maumivu makali hutulia katika majuma 6 hadi 12.

Pili, apewe dawa ya maumivu, ili aweze kuinuka na kutembea. Parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa ndiyo ya kuanzia. Diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe dukani kwa kubahatisha, maana kwa wazee huweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Dawa kali zaidi ziwe kwa amri ya mganga na kwa muda mfupi, kwa sababu huleta kizunguzungu na kufunga choo.

Tatu, mkanda wa kushika mgongo huwafaa wengine kwa majuma machache. Usivaliwe daima, misuli isije ikasahau kazi yake.

Nne, maumivu yakipungua aanze mazoezi. Atembee kidogo kila siku. Asimame na mgongo ukutani, akivuta mabega nyuma. Aketi kitini na kuinuka mara kadhaa, mtu akiwa karibu. Haba na haba hujaza kibaba. Asiiname kwa kukunja mgongo, asijipindepinde, wala asikandwe kwa nguvu au kuvutwa viungo, maana pingili dhaifu yaweza kuvunjika tena.

Tano, ale vyakula vya kujenga mifupa. Mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, waliwao pamoja na mifupa yao, wanayo kwa wingi, kadhalika maziwa. Maharage na mboga za majani huongeza. Tena mzee aketi juani kitambo kila siku, ili ngozi yake itengeneze vitamini D. Tumbaku, ijapokuwa ni zao la fedha mkoani kwetu, hudhoofisha mifupa, na pombe nyingi vilevile.

Sita, amwulize mganga habari ya dawa za kutia mifupa nguvu. Mojawapo ni alendronati, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa juma. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na mzee akae wima nusu saa, maana kidonge hiki huchoma umio. Asiyeweza kuketi wima, au mwenye figo mbovu, asipewe. Watu wengi huacha shauri hili maumivu yakiisha, nalo ni kosa kubwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba katika wanawake watano waliovunjika pingili, karibu mmoja huvunjika nyingine kabla ya mwaka kupita.

Lakini si kila mgongo unaouma ni wa namna hii. Mzee akilegea miguu, akifa ganzi, au akishindwa kuzuia mkojo au choo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akiwa na homa, jasho la usiku au kukonda, huenda ni kifua kikuu cha mgongo, ambacho dawa zake ni nyingine kabisa, au ni saratani. Picha ya eksirei na vipimo vya damu husaidia kutenganisha mambo haya. Basi msikawie kumfikisha mgonjwa Mpanda, penye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Tena kumbukeni kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, nayo yataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ulizeni haki hiyo kwa adabu, wala msione haya.

Mwisho twasema na vijana. Dawa, mazoezi na dagaa havitafaa kitu ikiwa bibi angali anateka maji na kupasua kuni. Ndoo yake na ibebwe na wajukuu tangu leo. Ondoeni mawe na magogo njiani aendako chooni, mumchongee fimbo iliyo sawa na kimo chake, na usiku taa iwe karibu naye. Kazi hizo hazihitaji daktari, nazo ni nusu ya matibabu.