Tusome na Watoto, Tucheke Nao

Wapo wazazi wanaowanyang'anya watoto hadithi za vituko na majini kwa kuchelea imani yao. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kusoma pamoja nao.

Anzeni na hekaya za Abunuwasi. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na ndogo, akidai imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Alipoazima tena, akasema sufuria imekufa! Watoto wakishacheka, waulizeni: aliyekosa ni mdanganyifu au mwenye tamaa?

Walio wakubwa kidogo wapeni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ndugu wawili mahasidi wanageuzwa manyani, naye Adili, waliyemdhulumu, analazimishwa na jini kuwachapa kila usiku huku moyo ukimuuma. Waelezeni watoto kuwa majini wametajwa katika Qur'ani, ila jini huyu ni wa kubuniwa. Kisha waulizeni: ungekuwa Adili, ungesamehe? Huenda nyumbani mwenu wamo ndugu walionuniana, na swali hilo likawapatanisha.